Kabla ya sindano, muulize homa ilianza lini

Nyinyi mnaoanza utafiti wa kinga ya mwili dhidi ya dengi, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, hapa Mombasa, mtafundishwa mashine kwanza. Si vibaya, ila mimi ningeanzia kwenye swali: homa ilianza lini?

Mwili hujibu virusi kwa zamu. Siku za mwanzo damu huwa na NS1, protini ya virusi vyenyewe. IgM, kingamwili ambazo mwili hutangulia kuzitengeneza, huchelewa hadi kama siku ya nne au ya tano. Ukimpima mtu siku ya pili ukakosa IgM, usikimbilie kuandika kwamba hana dengi. Ukikuta IgG, kingamwili zinazodumu mwilini, imepanda sana mapema, shuku kwamba alishawahi kuugua dengi. Dengi ina aina nne, na kingamwili za aina ya kwanza zinaweza kuvishika virusi vya aina nyingine zisiviue, badala yake zikaviingiza ndani ya seli. Ndiyo maana mara ya pili huweza kuwa kali zaidi. Na mji huu ulipata mlipuko 2013, ukapata tena 2017.

Tabu ni kwamba "juzi" huku kwetu ni neno pana. Mama mmoja wa Kisauni aliniambia homa ilianza juzi. Ilikuwa Jumatano. Nikamuuliza, Ijumaa ulipika? Akacheka: "Ijumaa ipi mwanangu, nilikuwa kitandani nikitetemeka!" Basi tulikuwa siku ya sita, si ya tatu. Tangu hapo siulizi tarehe, nauliza Ijumaa, siku ya soko, siku ya harusi.

La pili nililijua kwa aibu. Nilitoka Likoni na vichupa vya damu ya kutolea seli nyeupe, feri ikachelewa, jua linachoma, nikavifukia kwenye barafu nikijiona mjanja. Maabarani, baada ya kuizungusha damu kwenye mashine ili itengane, ule utepe mweupe wa seli ulitoka hafifu, umechanganyika na wekundu. Damu ya aina hiyo hutaka nyuzi 18 hadi 25, yaani chumba chenye kiyoyozi, na ifanyiwe kazi siku hiyo hiyo. Seramu ya kupimia kingamwili, yaani maji ya damu yanayobaki ikishaganda, ndiyo inayovumilia friji.

Kwenye lebo andikeni siku ya homa, si tarehe ya kutoa damu peke yake. Na iwe kwa penseli. Spiriti hufuta wino.