Barua kwa mwanangu: mumeo na utafiti wa dawa ya kukinga mapafu

Mwanangu Zuhura,

Salaam kwako, kwa mumeo na kwa mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wifi yako alikutwa na emfisema, ugonjwa wa kuharibika kwa mapafu, ndugu wote wakaitwa kupimwa, na mumeo akakutwa ana ZZ, yaani nakala mbili za jeni yenye kasoro iitwayo Z, moja kutoka kwa kila mzazi. Hana dalili, ila CT, picha ya mashine ya mionzi, imeonyesha sehemu za chini za mapafu zimeanza kulegea. Sasa amealikwa kwenye utafiti wa dripu ya kila wiki, miaka miwili, nusu ya washiriki wakipewa plasebo, yaani dripu isiyo na dawa. Unauliza akubali au asikubali, kwa nini asipewe dawa moja kwa moja, na kama mtoto apimwe.

Mwanzo wa tatizo ni protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Inatengenezwa na ini, inasafiri na damu hadi mapafuni, na kazi yake kubwa huko ni kuzuia elastesi, kimeng'enya kinachomwagwa na chembe nyeupe za damu zinapopambana na vijidudu. Elastesi haichagui. Ikikosa wa kuizuia, inakula nyuzi zinazofanya pafu livutike na kurudi. Mwenye ZZ hutengeneza protini iliyokunjika vibaya, nyingi hunasa humo humo kwenye ini, na inayofika kwenye damu ni kama asilimia 10 hadi 15 tu ya kawaida. Kwa hiyo ini lake nalo lichunguzwe, maana dripu hailisaidii hata kidogo.

Sasa, kwa nini asipewe tu? Dawa yenyewe si ngeni. Ni protini hiyo hiyo iliyochujwa kutoka plazma ya watu waliochangia damu, na Marekani waliiruhusu tangu 1987. Waliiruhusu kwa sababu ilipandisha kiwango kwenye damu. Kupandisha kiwango ni jambo moja, kuokoa pafu ni jingine, na hili la pili limekuwa gumu kuthibitisha kwa sababu pafu huharibika polepole mno. Ukitegemea kipimo cha kupuliza peke yake, unahitaji mamia ya watu kwa miaka mingi. Ndipo watafiti wakageukia CT na kupima uzito wa pafu kwa lita. Utafiti ulioitwa RAPID, uliochapishwa 2015, ulikuwa na watu 180 kwa miaka miwili. Waliopata dawa walipoteza gramu 1.45 kwa lita kwa mwaka pafu likiwa limejaa hewa, na waliopata plasebo walipoteza 2.19. Kipimo cha kupuliza hakikuonyesha tofauti. Baadaye waliokuwa kwenye plasebo nao wakapewa dawa: kasi ya kupoteza ilipungua, lakini kilichokwisha kupotea hakikurudi.

Hapo ndipo watu wengi husema, basi tuanze mapema. Mimi pia naliona wazo hilo lina mantiki. Lakini wale 180 walikuwa tayari wagonjwa, uwezo wao wa kupuliza ukiwa kati ya asilimia 35 na 70 ya unaotarajiwa. Kwa mtu kama mumeo, ambaye bado anapanda ngazi bila kuhema, faida haijathibitishwa. Na huko Uingereza mliko, NICE, taasisi inayopendekeza dawa za kutumiwa na huduma ya afya ya umma (NHS), ilikataa kuipendekeza mwaka 2019, kwa hiyo nje ya utafiti hataipata NHS. Maana yake akiangukia plasebo hanyimwi dawa ambayo angeipata kwingine. Anachotoa ni muda wake, sindano 104, na mionzi ya CT.

Kwa hayo, naona akubali, mradi fomu ya ridhaa ijibu maswali haya. Utafiti ukiisha, waliokuwa kwenye plasebo watapewa dawa, na kwa muda gani? Akijitoa katikati, huduma yake ya kawaida itaendelea? CT ngapi, na kiasi gani cha mionzi? Je, watampima IgA, aina mojawapo ya kingamwili za damu, kabla ya dripu ya kwanza? Hili la IgA msiliache. Mtu asiye na IgA na mwenye kingamwili dhidi yake anaweza kupata mzio mkali wa kuhatarisha maisha, kwa kuwa plazma huja na chembechembe za IgA.

Dozi iliyozoeleka ni miligramu 60 kwa kila kilo, mara moja kwa wiki. Akiwa na kilo 80 ni miligramu 4,800. Kwa dawa ya gramu moja kwenye mililita 20, hiyo ni kama mililita 96, na kwa mwendo wa kawaida inaingia kwa robo saa hivi. Unga wake huyeyushwa kwa kuzungusha chupa taratibu mkononi. Ukiitikisa inatoa povu na protini inaharibika. Wiki haiko pale kwa bahati: nusu ya dawa huondoka mwilini kwa siku nne hadi tano, kwa hiyo wiki mbili bila dripu humrudisha karibu alipoanzia.

Vipimo ndivyo vitakavyoamua kama utafiti wote una maana, na hapo mshiriki ana mkono wake. Kwenye kupuliza, avute hewa hadi mwisho, abane midomo kwenye mrija, apulize kwa nguvu ghafla na aendelee sekunde sita au zaidi. Wanataka mipulizo mitatu safi, miwili bora isipishane zaidi ya mililita 150. Akisita mwanzoni au akikohoa katikati, mpulizo huo hauhesabiki. Kwenye CT kosa kubwa ni kutokujaza mapafu: pafu lisilojaa huonekana zito, na mwaka ujao akilijaza vizuri itaonekana kama limeharibika ghafla. Akiwa na mafua au kifua, apige simu kuahirisha.

Kuhusu mjukuu wangu, usikimbilie kumchoma sindano ya kupima. Kutoka kwa baba amepata Z moja, hilo halina shaka. Pima wewe kwanza. Z asili yake ni Ulaya ya kaskazini na ni adimu sana kwetu. Ukikutwa MM, yaani nakala mbili za jeni ya kawaida, mtoto ni MZ, moja ya kawaida na moja yenye kasoro, na hakuna haja ya sindano yake. Wenye MZ wana protini kama asilimia 60, na wasiovuta sigara kwa kawaida hawadhuriki mapafu. Mwambie daktari akupime aina yenyewe ya jeni, asiishie kwenye kiwango cha protini. Homa, ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha kiwango, na mwenye MZ anaweza kuonekana wa kawaida kabisa.

Utafiti usiwasahaulishe kinga ambayo tayari ina ushahidi. Sweden iliwapima watoto wachanga 200,000 kati ya 1972 na 1974, ikawapata 127 wenye ZZ na kuwafuatilia hadi utu uzima. Wasiovuta sigara walifika miaka ya thelathini wakipumua kama watu wengine. Moshi humdhuru mara mbili: huita chembe nyeupe zinazoleta elastesi, na huiharibu hata ile antitripsini kidogo aliyonayo. Kwa hiyo asivute, asikae na wavutaji, avae barakoa akikata mbao. Apate chanjo ya mafua kila mwaka, ya nimonia, na za homa ya ini A na B. Pombe aiache, kwa ajili ya ini.

Moshi wa mkaa na kuni nao ni moshi. Mkija Desemba, jiko la mkaa litakaa uani, upande wa migomba mbali na dirisha la chumba chenu, na ndani tutapikia gesi. Nimeshamwambia shangazi yako.

Nitumie picha ya ukurasa wa fomu unaosema kitakachofuata baada ya miaka miwili, kabla hajaweka sahihi.

Mama yako