Kwa wakufunzi wasaidizi wapya, kabla hamjafungua mdomo semina

Muhula huu nimekaa viti vya nyuma kwenye semina za wakufunzi wasaidizi wapya, na yapo mawili yaliyoniuma. Mmoja alipewa mada ya mfumo wa vyama vingi, akaligeuza darasa kuwa mkutano wa kampeni: nani achaguliwe, na kwa nini asiyekubali hajasoma. Mwenzake wa chumba cha pili aliulizwa kuhusu mchakato wa Katiba Mpya, akajibu "hilo tuliache", akaruka slaidi zote hadi kwenye marejeo. Ni vijana wenye akili na nawapenda wote wawili, lakini makosa haya kizazi chetu kiliyafanya na kuyalipia. Sina subira ya kuyatazama yakirudiwa.

1. Jueni mmerithi nini katika uhuru wa taaluma, yaani uhuru wa kufundisha, kutafiti na kujadili bila kuogopa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 wakafukuzwa chuo. Mwaka 1970 jarida la Cheche la wanafunzi wa Mlimani, yaani chuo hichohicho, likapigwa marufuku, miezi michache baada ya kuchapisha andiko la Issa Shivji kuhusu matabaka Tanzania. Hilo lizingatieni: Cheche lilikuwa la mrengo wa kushoto, ndani ya nchi iliyojitangaza kuwa ya kijamaa. Mwaka uliofuata Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, akafukuzwa kwa sababu ya barua ya wazi aliyomwandikia Makamu Mkuu wa Chuo. Kule Nairobi, mwandishi na mhadhiri Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, na alipoachiwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake ya kufundisha. Makerere ilimpoteza Makamu Mkuu wake, Frank Kalimuzo, aliyekamatwa mwaka 1972 wakati wa Idi Amin na hakuonekana tena. Kwa hiyo anayewaambia kwamba uhuru wa taaluma ni ajenda ya wapinzani, au ni mali ya wanamapinduzi peke yao, hajafungua kabrasha hata moja.

Someni pia maazimio mawili kuhusu uhuru wa taaluma: la Dar es Salaam la Aprili 1990 na lile la Kampala la Novemba mwaka huohuo. Yote mawili yanataja uhuru na wajibu kwa pamoja, na la Kampala linamtaka mwanataaluma akuze uvumilivu kwa mitazamo tofauti. Huo wajibu ndio tunaousahau kila msimu wa uchaguzi.

2. Mwongozo wa usahihishaji uandike kabla ya kusoma karatasi ya kwanza. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa niliumiza mtu.

Nilikuwa mgeni kazini, katika chuo ambacho sitakitaja. Swali la insha lilihusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja. Nilikuwa nimejaa maandiko ya wakosoaji: watu kuhamishwa kwa nguvu, nyumba kuchomwa, mashamba kuachwa mbali. Bado naamini mengi ya hayo. Mwanafunzi mmoja akaandika kutetea. Hakuficha kwamba bibi yake alihamishwa akilia, lakini alionyesha shule na zahanati zilizofuata, akaeleza kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika ukoo wao, akaweka vyanzo, akawahoji wazee wa kijiji na kuyapanga majibu yao vizuri. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Propaganda." Nikampa C. Mwingine aliyeshambulia sera ileile bila chanzo hata kimoja, kwa maneno niliyoyatumia mimi mwenyewe darasani, alipata B+.

Mtahini wa nje alizikuta. Alizilaza karatasi mbili mezani, moja pembeni ya nyingine, akaomba mwongozo wangu, akauliza kwa upole ni kifungu gani kinachopunguza alama kwa kuisifu serikali. Hakikuwepo. Mwongozo wenyewe nilikuwa nimeuandika baada ya kusahihisha. Alama zikarekebishwa kabla ya kikao cha seneti, na kwenye makaratasi mambo yakaisha. Lakini yule kijana alikuwa ameshanyamaza. Kabla ya insha ile alikuwa akinyoosha mkono kila wiki. Baada yake aliketi karibu na mlango, akiandika kila nilichosema na kunirudishia kwenye mtihani neno kwa neno. Utafiti wake wa mwaka wa tatu aliupeleka kwenye mada isiyo na ubishi wowote. Nilimwita ofisini nikamwomba radhi. Akasema, "Hakuna shida, mwalimu," na hakurudi kuwa alivyokuwa. Sikuwa polisi wala waziri. Kalamu yangu ilitosha kumnyang'anya uhuru uleule niliokuwa nikiudai kwenye mikutano ya chama cha wanataaluma.

Basi funikeni majina, na karatasi mnayoipinga mpeni mwenzenu aisome pia.

3. Kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiwe mkononi kabla ya dodoso la kwanza. Sheria ya Takwimu nayo muijue: marekebisho ya 2018 yalifanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa la jinai, na ya 2019 yakaondoa adhabu hiyo. Wapo wahadhiri wanaoogopa hadi leo kifungu kilichokwisha kubadilishwa, na hofu hiyo wanawaambukiza wanafunzi.

4. Simu za wanafunzi zinarekodi. Semeni kile mnachoweza kukitetea kwa chanzo mbele ya mkuu wa idara, kisha msitetemeke.

5. Kunyamaza nako ni kuegemea upande. Katiba ya Kenya, ibara ya 33, inautaja uhuru wa taaluma kwa jina. Yetu ya Tanzania, ibara ya 18, inalinda uhuru wa maoni bila kuutaja wa taaluma, hivyo sehemu kubwa ya kinga yetu ni desturi, na desturi isiyotumika hufa. Kijana aliyeruka slaidi angeweza kufanya hivi: achukue Rasimu ya Tume ya Warioba, ile ya Mabadiliko ya Katiba, yenye Muungano wa serikali tatu, na Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliyobaki na mbili. Zote ni nyaraka za umma. Agawe darasa, nusu watetee hii na nusu ile kwa kunukuu ibara, halafu baada ya nusu saa wabadilishane pande. Nimeliona hilo likifanyika: binti mmoja mkereketwa wa serikali mbili alijenga hoja ya serikali tatu vizuri kuliko wenye imani nayo, na darasa zima likampigia makofi. Hakuna aliyejua mwalimu wao ni wa chama gani, na hakuna aliyeuliza.

Semina yangu ni Alhamisi saa nane. Anayetaka aje akae nyuma, na aje na mwongozo wake wa usahihishaji tuupitie pamoja.