Mikarafuu usiikodishe bado

Mpwa wangu, waalaikumu salaam. Umeniuliza kama Djibouti kuna pesa, na kama nitakupokea ukikodisha mikarafuu ya babu yako pale kwetu Konde, Pemba, kwa misimu mitatu upate nauli. Kukupokea nitakupokea, mamaako akisikia nimekukatalia hanisamehe. Lakini mikarafuu usiiguse.

Pesa ipo, sikufichi. Ila inapita tu. Nchi hii haina karafuu wala mpunga, wala mto unaotiririka mwaka mzima. Ina bandari, na ina jirani mkubwa asiye na bahari. Eritrea ilipojitenga 1993, Ethiopia ikabaki bila pwani. Wakaja kupigana 1998, na tangu hapo karibu mizigo yake yote inashukia hapa. Kontena linateremka melini, linapanda lori au treni ya Addis Ababa, linaondoka. Sie tunabaki na vumbi. Kuna na kambi za majeshi ya kigeni, Wafaransa, Wamarekani, Wajapani, na Wachina tangu 2017. Kodi zao zinaingia serikalini, hazimfikii fundi wa viyoyozi kama mie.

Na joto usilifananishe na la Chake mwezi wa Februari. Kuanzia Juni digrii 40 ni kawaida, tena na upepo wa vumbi wanaouita khamsini. Spana ukiiacha juani huishiki tena bila ya kitambaa. Lakini joto hilohilo ndilo linalonilisha.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi. Ikikaribia saa saba mchana mji mzima unasikilizia mirungi. Ndiyo, hiyohiyo ambayo kwetu ukikamatwa nayo unalala ndani. Huku inaingia kila siku kutoka Ethiopia, honi zinalia, na kina mama wanaipanga mezani chini ya magunia mabichi isinyauke. Siku moja nipo juu ya paa nafungua kompresa, honi zikalia, msaidizi wangu akaondoka. Na ngazi akaondoka nayo! Nilikaa huko mpaka alasiri, kivuli changu ni lile tangi la maji.

Mshahara ukiugeuza kuwa shilingi utauona mkubwa. Uzuri mmoja ni kuwa faranga yao imefungwa kwenye dola, tangu 1973 dola moja ni faranga 177 na kitu, haichezi. Basi nenda sokoni. Nyanya, vitunguu, mboga za majani, vyote vimevuka mpaka. Mie mtoto wa Konde nanunua ndizi kwa mizani! Umeme wa kiyoyozi changu mwenyewe nauhesabu kwa saa, fundi mzima. Na mwaka jana kontrakta mmoja alinila miezi miwili. Nilikwenda kwake mpaka mlinzi wake akawa rafiki yangu, pesa sikuiona.

Watu wake sina ubaya nao. Ni Wasomali na Waafar, Waislamu wenzetu. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na adhana unaisikia kila upande. Wote pamoja ni kama milioni moja. Sie Zanzibar sensa ya 2022 ilituhesabu 1,889,773, ndipo ujue udogo wa nchi yenyewe. Wapo na Wayemeni, maana kuvuka mlango wa bahari wa Bab el Mandeb kwenda kwao si mbali. Hao ndio wenye samaki: anapasuliwa mgongoni, anafunuliwa kama kitabu, anapakwa pilipili, anatiwa ndani ya tanuri la udongo mpaka kingo ziungue kidogo. Analiwa na mkate mwembamba, mpana kama ungo. Mzee mmoja muuzaji aliposikia natoka Pemba akanambia ami yake alikuwa na duka Wete. Siku hiyo sikulipa.

Sasa nisikilize. Nenda Unguja ukae kwa fundi mwaka mmoja, ujue kuchomelea shaba na kujaza gesi. Kifaransa jifunze angalau cha kuhesabia na kudaia, hicho cha kudaia hasa. Ukishaiva nipigie, nauli tutaisaka mie na mamaako.

Na ule mkarafuu wa karibu na kisima, aliousia babu yako usipandwe na watoto, umezaa mwaka huu?