Ramani ya setilaiti yote nyekundu, mbona nje hewa safi?

SWALI: Asalaam alaykum. Mi niko Muscat, mwanangu ana pumu, kwa hiyo kila asubuhi nachungulia ramani ya vumbi ya setilaiti kwenye simu kabla hajaenda skuli. Juzi ilikuwa nyekundu tupu na nje milima naiona vizuri kabisa. Siku nyingine ramani haina kitu, nje vumbi mpaka kwenye meno. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Setilaiti haipimi hewa anayovuta mtoto, hilo ndo la kwanza. Chombo kama MODIS, ambacho NASA, shirika la anga la Marekani, walikirusha na setilaiti ya Terra mwaka 1999 halafu na ya Aqua 2002, kinatazama mwanga wa jua unaorudi juu na kukadiria vumbi lote toka ardhini hadi juu kabisa, kinatoa namba moja tu, na moshi na chumvi ya bahari zimo humo humo. Vumbi likipita kilomita tatu juu yenu ramani inawaka, chini hamna kitu.

Ile siku ya pili, pengine dhoruba ilikuja wakati setilaiti imeshapita, au kulikuwa na mawingu, au vumbi lilikuwa zito mno programu ikadhani ni wingu ikaliacha. Hili linaniuma sana, maana siku mbaya kuliko zote ndo inaachwa tupu.

Wanaokagua setilaiti wanalinganisha na AERONET, vipimo vya ardhini vinavyolenga jua moja kwa moja, wanachukua vipimo vya kama nusu saa kabla na baada ya setilaiti kupita. Sasa mtu akiniambia wastani umelingana sitosheki, kwa sababu setilaiti inaweza kuzidisha siku safi na kupunguza siku za vumbi, ukijumlisha wastani unatoka mzuri tu na mwenye pumu anaumia siku ile ile ya vumbi. Mi nataka siku za vumbi zito zitengwe peke yake, tuone hapo imekosea kiasi gani.

Wewe tafuta kituo cha ardhini kilicho karibu usome PM10, yaani kiasi cha chembe ndogo za vumbi zinazovutwa na pumzi, hiyo ndo hewa ya puani. Halafu fungua picha za vumbi za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, zinatoka kila dakika 15 usiku na mchana, vumbi linaonekana rangi ya waridi. Ukiona waridi linasogea upande wenu na PM10 inapanda, mtoto abaki ndani, na siku nyingine zote dawa yake ya kuvuta isikose kwenye begi la skuli.