Mama mkwe anataka binti yangu akaguliwe

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka sita. Juzi aliniuliza mtoto wa shangazi yake ametoka wapi, nikamjibu amenunuliwa hospitali. Mama mkwe anasema nikimweleza mambo ya mwili nitamfungua macho mapema. Eti bora kila likizo nimpeleke kwa mama mmoja mtaani anayewakagua wasichana kama bado ni wazima, yaani bikira. Nifanyeje? (Mama, Arua)

JIBU: Mama, usimpeleke. Swali la mtoto ni jepesi: mwambie alikua kwenye mfuko wa uzazi wa shangazi, akatokea ukeni, au kwa upasuaji kama ndivyo ilivyokuwa. Akitaka zaidi atauliza.

Anayenikera ni huyo mkaguzi. Kizinda hakimwambii mtu lolote. Kila msichana huzaliwa na umbo lake, na hata mtoto aliyenajisiwa, mara nyingi tukimpima hatuoni jeraha. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka ukaguzi huu ukomeshwe kwa kuwa hauna msingi wowote wa kisayansi. Na wavulana je? Nao wananajisiwa, ila sijasikia nani anawakagua.

Angalia pia anachofunzwa mtoto pale. Mtu mzima anamwambia vua, lala, naye analala, mama yake kakaa pembeni anatazama. Kesho jirani akimwambia hivyo hivyo, au bodaboda anayempeleka shule, atajuaje kwamba huyu ni wa kukataliwa?

Huku Kampala wananiambia kazi ya kuzungumza na binti mambo ya mwili ni ya ssenga, yaani shangazi yake. Sawa, lakini ssenga humkalisha binti akikaribia kuvunja ungo au akishavunja, na wabaya hawangoji ungo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutaja uke au uume kama anavyotaja pua, na kujua kwamba akiguswa hapo akaambiwa "usimwambie mama", ndilo la kumwambia mama kwanza.

Likitokea la kutokea, msimwoshe, msiite mkaguzi. Kimbilieni hospitali siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Simu ya watoto ni 116, haitozi kitu. Ninaoletewa wengi wamechelewa kwa sababu mkaguzi alisema "mzima huyu", au wazee walikuwa kwenye kikao cha kudai mbuzi wa fidia. Mbuzi wanapatikana. Dawa hiyo, saa zikishapita, siwezi tena kumpa.