Jibu: Nimtoe binti kwenye klabu kwa sababu ya mtihani?

Dada, umeuliza kama umtoe binti yako kwenye klabu ya mdahalo kwa vile mwaka huu yuko kidato cha pili. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naomba usimtoe. Shule zinafungua Januari, upimaji wa kitaifa unakuja mwishoni mwa mwaka. Miezi ya mwanzo ina nafasi. Hata UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa kawaida huwa katikati ya mwaka.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeficha uso kwa daftari kila nilipomwita ajibu. Alitoka shule ya msingi ya Kiswahili, akakuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, limegeuka Kiingereza. Tukampa kazi ya kutunza muda kwenye mdahalo wa Ijumaa, akae tu na saa yake mezani asikilize. Wiki ya tano hivi akaomba mwenyewe kusimama upande wa wapingaji. Sauti ilitetemeka, lakini alimaliza hoja zake zote tatu. Tangu hapo akawa ananyoosha mkono hata kwenye Baiolojia.

Ikifika Septemba, zungumza na mwalimu wa darasa apunguziwe mazoezi ya jioni. Kama yuko pia kwenye kwaya au skauti, atazirudia Januari.