Hiyo fremu ya Liwale usiilipie kwanza

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Nimesoma bandiko lako mara mbili, na nilipofika pale ulipoandika "kama Walmart walivyofanya kwenye miji midogo", ile kampuni ya maduka ya Marekani, mwili ulinisisimka. Unataka kufungua maduka matatu ya pembejeo na vifaa vya ujenzi kwa mpigo, Nachingwea, Ruangwa na Liwale, ghala likae Lindi mjini, mzigo uchukue kwa mali kauli kutoka Dar, yaani uuze kwanza ulipe baadaye, na milango ifunguliwe Septemba ili msimu wa korosho ukukute umejipanga. Unauliza usome kesi gani nyingine za uongozi na mikakati, yaani zile simulizi za biashara za kweli zinazofundishiwa, usajili kampuni au jina la biashara, na uanze na wafanyakazi wangapi.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2018, kwa kesi hiyo hiyo. Yangu yalikuwa Nanyamba, Tandahimba na Newala, ghala Mtwara mjini.

Waliokuwa huku msimu wa 2017/18 wanaukumbuka. Bei ya korosho mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kila kijiji pikipiki mpya, nyasi zinashushwa, bati zinapanda. Duka langu moja la mjini lilimaliza bati kabla ya Krismasi, na wateja wengi walikuwa wanatoka Tandahimba wanakuja kuzifuata. Nikajiambia kosa langu ni kuwangoja mjini, niwafuate waliko. Wazo lenyewe sikulikosea. Nililikosea baada ya kwenda kwenye semina.

Hilo naomba niliseme lote kwa sababu bado linanichoma. Siku mbili, shilingi 150,000 kwa kichwa, ukumbi umejaa. Mwezeshaji akatugawia karatasi nne kuhusu Walmart: Sam Walton alifungua duka lake pale Rogers, Arkansas, mwaka 1962, akaenda miji ambayo wenye maduka makubwa waliidharau, akapanga maduka kuzunguka ghala ili lori lifike haraka, akawa tajiri. Halafu "siri za ushindi", tuziandike daftarini. Sasa kesi ya kweli ya chuo cha biashara haiko hivyo. Ina kurasa nyingi na majedwali ya hesabu nyuma, na inakuacha pale mwenye biashara anapokuna kichwa. Darasa linabishana lingefanya nini, ndipo linaambiwa yeye alifanya nini. Harvard wanafundisha hivyo tangu miaka ya 1920. Yule bwana alianza na mwisho, kwa hiyo kila hatua ikaonekana ya busara. Wakati wa chai nilimfuata nikamwambia nina duka moja na mtaji wa milioni 38, nianzeje? Akanijibu, "Ukingoja, mwenzako atakuwahi." Hakuniuliza hata nauza nini. Mtu hajawahi kuuza msumari, anampeleka mwenzake kwenye deni kwa maneno matatu, jioni anapanda ndege.

Nikalipia fremu tatu mwaka mzima. Nikachukua bati, saruji, magodoro na rangi za shilingi milioni 46 kwa mali kauli, nilipe ndani ya siku 60. Nilihesabu hivi: mzigo naupokea Septemba katikati, minada inaanza Oktoba, wakulima wanalipwa, Novemba katikati namaliza deni. Hesabu ilikaa vizuri kwenye karatasi.

Oktoba mwishoni wakulima walizikataa bei za wanunuzi mnadani. Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri kuliko zile zilizokataliwa, watu walifurahi, na mimi nilifurahi nao. Ila kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki wa mashamba, ili wa kangomba walionunua vijijini kwa kujificha wasipenye, na wengi waliingia 2019 wanangoja pesa. Siku zangu 60 hazikungoja.

Kuna mama mmoja Tandahimba alikuwa anakuja dukani kila Jumamosi. Anazihesabu bati kwa kidole mpaka 32, anapapasa ile ya juu, kisha anatoa stakabadhi yake ya ghalani, ile karatasi ya korosho alizopeleka, aliyoikunja ndani ya nailoni ananionesha. "Pesa yako hii hapa, mwanangu, haijatoka tu." Na kweli ilikuwepo, alikuwa hadanganyi. Wateja wangu wote walikuwa na pesa ya namna hiyo. Nikaanza kukopesha, bati 10 huku, godoro kule, daftari likajaa. Aliyenipa mzigo Dar akawa anapiga simu asubuhi na jioni, lugha ikawa inabadilika. Nikakopa kwa watu wa riba ili nimtulize. Hapo sasa nina madeni mawili na duka lililojaa mali.

Halafu mvua. Fremu ya Newala ilikuwa inavuja nyuma na mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa na maduka matatu na miguu miwili. Kijana wangu alipanga saruji chini bila chaga, ikaegemea ukuta. Januari nilipofika, barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi na tope sehemu kubwa, nilibonyeza mfuko kwa dole gumba ukagoma. Nikabonyeza wa pili. Nikauchana wa tatu kwa kisu: jiwe, umbo la mfuko limebaki hivyo hivyo na mikunjo yake. Mifuko 180. Tulivunja kwa nyundo tukajazia shimo la mbele ya duka ili lori lipite.

Kiwanja nilichonunua Naliendele enzi za joto la gesi, kila mtu alipokuwa anagombea viwanja Mtwara, nilikiuza kwa nusu ya nilichokinunulia, fremu za Newala na Nanyamba nikaziachia kabla mkataba haujaisha, na mpaka 2020 nilikuwa bado nalipa. Mama wa bati 32 alilipwa baadaye akaja kununua kweli. Bati zangu zilikuwa zimeshauzwa kwa hasara kulipia riba.

Baadaye ndipo nilianza kusoma yale ambayo karatasi nne ziliyaruka. Walton hakuanza 1962. Mwaka 1945 alichukua duka moja la bidhaa ndogondogo pale Newport, Arkansas, kwa dola 20,000 alizokopeshwa na baba mkwe wake na 5,000 zake mwenyewe. Akalikuza, na mwaka 1950 akalipoteza, kwa sababu mkataba wa pango haukuwa na kipengele cha kuongeza muda na mwenye nyumba alilitaka kwa ajili ya mwanawe. Akahamia Bentonville akaanza tena. Alipofungua Walmart ya kwanza alikuwa na miaka 17 dukani na maduka mengine zaidi ya 10 yanayomwingizia pesa. Mkopeshaji wake wa kwanza alikuwa mkwewe, wangu alikuwa anapiga simu saa 12 asubuhi. Na wateja wa Arkansas walikuwa wanalipwa lini? Sikuuliza, wala mwezeshaji hakuuliza. Deni langu lilikuja kwa mwezi, korosho zinakuja kwa msimu.

Ukitaka kesi moja, soma ya Honda kuingia Marekani. Mwaka 1975 washauri wa Boston Consulting Group waliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyoeleza ushindi wa Honda kama mpango uliokamilika: uzalishaji mkubwa, gharama ndogo, pikipiki ndogo kwanza. Mwaka 1984 Richard Pascale akachapisha simulizi ya Wajapani wenyewe waliotumwa. Walifika Los Angeles 1959 wakitaka kuuza pikipiki kubwa. Serikali yao iliwaruhusu kutoa dola 250,000 tu, taslimu 110,000. Walipanga nyumba ya dola 80 kwa mwezi, wengine wakalala sakafuni. Pikipiki kubwa zikaanza kuvuja oili na kuua klachi, kwa sababu Wamarekani waliziendesha mbali na kwa kasi kuliko Wajapani. Vile vipikipiki vidogo vya injini ya sisi 50 (cc 50) walikuwa wanavitumia wenyewe kwa shughuli zao za mjini, watu wakavipenda, ndipo wakavigeukia. Zisome zote mbili, ya 1975 na ya 1984. Pikipiki ni zile zile.

Ninachokuomba ni kimoja. Kwenye kila kesi, chukua kila uamuzi, uandike pembeni: siku ile alikuwa na taslimu kiasi gani, anadaiwa na nani, analipa lini, na kama ingemshinda angekula nini. Pakiwa patupu, hatua hiyo usiiige. Nasema kwa moyo mmoja, usiiige hata kama mwalimu wako ana shahada tatu.

Sasa ifanyie yako. Salfa, ile dawa ya mikorosho, inapulizwa maua yakitoka, kati ya Mei na Agosti. Ukifungua Septemba na salfa dukani, unamuuzia nani? Ukifungua Mei, mkulima hana pesa, utamkopesha mpaka mnada. Tena miaka ya karibuni pembejeo za korosho zimekuwa zikigawiwa kwa ruzuku, kwa hiyo unashindana na bei ya bure. Huko Ruangwa na Nachingwea kuna ufuta na mbaazi, ambavyo pesa yake huingia mapema kabla ya korosho. Hilo kwako ni afadhali kuliko sisi wa Tandahimba, lakini kwenye bandiko lako sijaona umeliweka hata mstari mmoja.

Na msije mkaniambia nawakatisha vijana tamaa. Duka langu la mjini lipo mpaka leo, nanunua mzigo kwa pesa taslimu, na Tandahimba nimerudi mwaka juzi na fremu moja yenye chaga.

Uliandika kesho asubuhi unapanda gari kwenda kulipia Liwale. Usipande. Kaa na kalamu, andika miezi 12 kutoka Januari hadi Desemba, kila mwezi pesa inayoingia na deni linalotoka, kisha ubandike hapa hapa kwenye uzi. Weka Machi na Aprili kwanza, hizo ndizo ninazotaka kuziona.